Vyombo vya Dada Mwanaidi

Nimestaafu. Chekeni kwanza mmalize, mie nangoja. Najua mstaafu huwa na mvi, huwa na kiti chake barazani, na huwa na kikohozi cha kutangulizia maneno. Mie nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha pili, na ndevu zangu bado ziko njiani, zinakuja kwa miguu. Lakini kazi ya bati nimeiacha, mkasi nimeurudisha kwa mwenyewe, na nyie watatu mnaobaki bandani mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Naandika huku masikio yananiwaka. Kisa cha mwisho mnakijua nusu, tena ile nusu ya kuchekesha. Nusu nyingine imo humu, ila msiikimbilie. Kazi huanza na misumari.

Banda mnalijua, lile la nyuma ya nyumba ya Mama Likwena, hapa hapa Tandika. Mumewe alikuwa fundi bati, mtu wa Newala. Alipofariki, watu walidhani mjane atauza vifaa arudi kwao. Mama Likwena akajifunga gunia kiunoni akawasha mkaa. Alisema koroboi haijui kama aliyeilehemu ana ndevu au ana hereni, inachotaka isivuje mafuta ya taa. Wateja wakanung'unika kidogo, kisha giza lilipoingia wakarudi na vikopo vyao.

Mie nilipelekwa pale na mama yangu wakati wa likizo, kwa kosa la kuongea. Kosa jingine hakuliona. Nikasimama mlangoni, nikaamkia:

"Shikamoo, Mama Likwena."

"Marahaba. Hiyo mikono imekuja kufanya kazi, au imeusindikiza mdomo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanisukumia debe la misumari iliyopinda, iliyong'olewa kwenye masanduku ya bandarini, akasema, "Nyoosha." Nikanyoosha mpaka likizo ikakaribia kwisha. Nawaambia siri yake, maana najua na nyie atawapa debe hilo hilo: usigonge kichwa cha msumari. Uviringishe juu ya kipande cha reli, utafute nundu ilipo, uigonge hiyo tu, taratibu. Ukipiga kwa hasira msumari unahamisha nundu, hauiachi. Nilivunja misumari mingi kabla ya kuelewa, na vidole vyangu vikawa na rangi ya zambarau.

Baada ya misumari nikapewa mkasi. Mkasi ule mipini yake imevikwa mpira wa baiskeli, na una tabia ya kuuma upande wa kushoto, kwa hiyo kata ukiwa umeacha nafasi. Kopo lifungue kwenye mshono wake, ulilaze, ulipige kwa nyundo ya mti. Ukingo ukunje kabla ya jambo lolote, maana bati lisilokunjwa ukingo ni kisu kinachongoja mtoto. Chuma cha lehemu kikae kwenye mkaa mpaka ulimi wa moto uanze kuwa kijani. Tindikali ipake kwa unyoya wa kuku, tena unyoya mmoja, msiende kumaliza kuku wa jirani kama mie.

Basi tukawa tunatengeneza. Koroboi kwa vikopo vya maziwa, utambi wake kanga iliyochoka. Ndoo kwa madebe. Jiko la mkaa kwa debe jingine na udongo. Chujio kwa kopo lililotobolewa kwa msumari, hapo nyundo ikishuka kwa mdundo mtu hata usingizi unampata. Sanduku la nguo kwa makopo yaliyolazwa na kuungwa, maandishi yote yakiwa ndani, ili nguo zisome.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa ya mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Pazi. Sauti ilikuwa imemwisha kwa kuita watu mikutanoni, akaja kutaka pembe ya bati ya kuongelea. Mama Likwena akaniachia. Nikaikata vizuri, ila mshono mmoja sikuulehemu mpaka mwisho, kwa makusudi kidogo na kwa uvivu zaidi. Mzee akasimama uwanjani, akaiweka mdomoni, akasema "Ndugu wananchi!" Ikatoka sauti ya nyuki aliyefungiwa chupani. Watu walilala chini kwa kicheko. Kesho yake nikamwita Mzee Nyuki, na kufika Ijumaa mpaka wajukuu zake walikuwa wakimwita hivyo.

Pembe nikairekebisha. Mama Likwena akaijaribu, ikatoa sauti safi, akaniangalia.

"Pembe umeitengeneza," alisema. "Na lile jina, utalitengeneza kwa nyundo gani?"

"Jina si limemkaa vizuri, Mama Likwena? Hata kupima sikumpima."

Nilijiona fundi wa kazi mbili kwa bati moja. Majina niliyagawa mtaa mzima bure, kuliko hata duka la ushirika lilivyogawa sukari.

Kuhusu duka nalo niseme, maana ndipo balaa lilipoanzia. Wakati ule mtu ulipanga foleni tangu alfajiri, ukichoka unaweka jiwe likushikie nafasi, na jiwe lilikuwa na haki zote za mwananchi. Ukifika mbele unakuta rafu zina siki na pete za pazia. Sufuria hakuna. Birika hakuna. Sinia ukilisikia limeonekana Kariakoo, ukifika unaonyeshwa mahali lilipokuwa.

Katikati ya hali hiyo dada yangu Mwanaidi akaposwa na Shabani wa Mtoni, kijana mpole anayefanya kazi kiwanda cha nguo.

Nyie ni wa Pwani wenzangu, ila mmoja wenu ametoka Songea juzi, basi namweleza. Kwetu siku ya harusi, kabla bibi harusi hajatoka, vyombo vyake hutangulia. Wanawake huvibeba vichwani, wanapita navyo njia nzima wakiimba, na vikifika kwa mume vinafunuliwa kimoja kimoja mbele ya mawifi na mashangazi. Hapo ndipo mwanamke anapopimwa. Na jina atakalopewa siku hiyo atazeeka nalo. Mtaa wa pili yuko bibi mpaka leo anaitwa Mama Ungo, kwa kuwa aliingia kwa mumewe na ungo mmoja na mkeka. Ana wajukuu, ana ng'ombe, amekwenda Hija, bado ni Mama Ungo.

Mama aliniita jikoni. Alikuwa hacheki, na mama yangu kucheka si mchoyo.

"Issa, mwanangu, dukani hakuna kitu. Dada yako ataingia mikono mitupu, wamwite jina. Wewe na Mama Likwena mnaweza kunisitiri?"

"Mama, nitamtengenezea vyombo mpaka mawifi watoke jasho."

"Sitaki watoke jasho. Nataka wanyamaze."

Mama Likwena akakubali, akasema jiko, ndoo na sanduku atafanya yeye, mie nifanye koroboi, chujio na beseni. Nikaomba na birika. Birika la kunawishia ndilo linalotangulia msafara, ndilo la mwisho kufunuliwa, na ndilo kipimo cha fundi: mdomo wake ukikaa vibaya maji yanakwenda kwenye magoti ya mgeni. Alinitazama muda, akasema haya.

Bati sasa. Mnajua biashara yangu na watoto: leta kopo zima, nikupe magurudumu ya gari la kuchezea. Walikuja watoto kutoka Mtongani, Keko, hadi Mtoni. Sikuuliza kopo limetoka wapi, kama wao wasivyouliza magurudumu yangu mbona ni mayai. Siku moja nikaletewa kopo kubwa, zito, bati la zamani lisilo na kutu hata chembe, limezungushiwa ukanda wa rangi nyekundu juu kidogo ya kitako. Kwa furaha nilitoa gari zima.

Mama Likwena alikuwa na kanuni yake: kila bati liulize limekula nini kabla halijafika kwako. Maana yake lipashe moto, ulinuse. Lililokula mafuta ya taa litakuambia, lililokula dawa ya kunguni litakuambia, na hayo si ya chakula. Nikalipasha, nikalinusa. Halikusema kitu. Halikunuka mafuta, halikunuka samaki, halikunuka rangi. Lilikuwa safi kama lililoshikilia maji tu maisha yake yote.

Ndivyo lilivyokuwa, wadogo zangu. Maji tu.

"Hilo limetoka wapi?" Mama Likwena aliniuliza.

"Limetoka kwa mama yake, linatafuta mchumba."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye jiko lake. Laiti angenipiga.

Birika lile nilifanya kama sitafanya tena. Mdomo niliukunja juu ya mti mwembamba wa ufagio, nikaupinda shingo kama ya bata maji. Mpini nikauvika uzi. Kifuniko kikakaa kwa mlio mdogo, tik. Kile kitako cha zamani sikukigusa, kilikuwa imara, na ukanda mwekundu nikaamua kuuacha, nikausugua kwa majivu mpaka ukang'ara. Niliona ni pambo. Mama alipoliona alishika mdomo. Mwanaidi alilizungusha mikononi akasema, "Issa, hili umelinunua wapi, sema kweli?" Sijawahi kusifiwa vile na mtu asiyetaka kunikopa.

Siku ikafika. Alasiri tukatoka Tandika kwenda Mtoni, wanawake mbele, mie nyuma na jiko kichwani. Birika lilibebwa na mama mwenyewe. Njiani wakaimba:

"Vyombo vyetu vinang'ara, mwenye macho atazame!"

Kufika, wa kule wakatupokea na yao:

"Tumeviona, karibuni, tutavisoma herufi!"

Vikafunuliwa. Jiko, vigelegele. Sanduku, vigelegele. Birika likapata vigelegele viwili. Shangazi yake Shabani, Bi Kiza, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia boti, akasema chombo kizuri hakikai bure, wazee wako barazani wanangoja pilau, wanawishwe kwa birika la bibi harusi. Hiyo ni heshima kubwa. Mama alinikonyeza. Wazee wakanawa mmoja mmoja, baba mkwe, shehe, wajomba. Maji yalitoka kwa uzi mmoja, hayakurukia goti la mtu. Wakaanza kula. Nilisimama karibu na mlango wa jikoni nimevimba kama andazi.

Birika likarudi ndani kujazwa. Bi Kiza akalipokea, akaliinamisha amwage yaliyobaki. Akaligeuza juu chini, akapitisha kidole kitakoni.

"Mwajuma," alimwita mdogo wake. "Njoo uangalie hapa."

Mwajuma akaja, akaangalia, akaweka kiganja kifuani. "Subhana! Si lile kopo letu?"

"Kopo gani?" mama aliuliza, bado anatabasamu.

"Kopo letu la msalani," alisema Bi Kiza. "Ukanda huu nimeupaka mie kwa mkono wangu, lisije likaingia jikoni. Na hivi vibonyeo vitatu vya msumari nimevigonga mie. Tumelitafuta tangu mwezi wa mfungo, hadi tukamtuhumu mpangaji wa watu akahama!"

Kwetu kopo la msalani tunalitoboa sikio na kulifunga kamba. Kila nyumba na alama yake. Sikujua kuna nyumba za rangi nyekundu.

Habari ilitoka jikoni ikafika barazani kabla ya Bi Kiza kumaliza kusema. Barazani mikono ilisimama hewani na matonge ya pilau. Shehe aliliangalia tonge lake kama barua iliyokosea njia. Bi Kiza akatokea na birika mkononi, mama nyuma yake, na wote wakageuka kunitazama, maana fundi alishasifiwa na anajulikana. Na mie, badala ya kuanguka chini niombe radhi, nikafanya nilichozoea.

"Shangazi," nilisema, "si limepita motoni? Hilo sasa limeokoka."

Hakuna aliyecheka. Ndiyo mara ya kwanza maishani nilisikia maneno yangu mwenyewe yakianguka sakafuni. Mama alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma bei ya kitu asichoweza kukilipa. Akajifunika ushungi mpaka machoni. Baba mkwe akainuka bila neno, akaenda kwenye pipa la mvua, akanawa upya mpaka viwikoni, akarudi akakaa, akaendelea kula. Wengine wakamfuata. Alifanya hivyo kutusitiri, nami ningependa zaidi angenitukana.

Na huko nyuma, kwenye kundi la wasichana wa jirani, sauti moja nyembamba ikasema, "Haya, na aje basi huyo Bi Birika!"

Hapo ndipo walipocheka. Kicheko kilimwagika kama gunia la kunde limepasuka.

Nilitumwa mie kurudi Tandika kumwambia Mwanaidi, kabla hajatolewa. Mama hakuweza kuinuka. Nilitembea nikitunga namna ya kulisema jambo, kila namna ikaja na mzaha mgongoni, nikazitupa zote.

Mwanaidi alikuwa ameketi mkekani, hina mikononi na miguuni bado mbichi, viganja ameviinua asiguse kitu. Niliomba wengine watoke. Nikamwambia lote, kopo, ukanda, wazee, jina.

"Baba mkwe alinawa?" aliuliza.

"Alinawa."

"Na shehe?"

"Na shehe."

"Lilivuja?"

"Hapana, dada. Halikuvuja."

"Haya."

Machozi yakamtoka, naye hawezi kuyafuta kwa ajili ya hina. Akawa ameinua tu mikono hivyo, kama mtu aliyekamatwa na polisi, uso unalowa. Ilibidi nichukue ncha ya kanga yake nimfute mie. Nilimfuta jicho hili, likalowa lile. Kisha wakaingia kumvisha, akaenda kwa mumewe kama wanavyokwenda wote, kichwa kimeinamishwa. Waliokuwa njiani walidhani ni haya ya bibi harusi.

Kwa Mama Likwena nilikwenda asubuhi yake. Alishasikia, hapa Temeke nani hajasikia. Nilidhani atanifukuza. Alinisogezea kigoda, akasema na yeye aliliona lile kopo, akauliza mara moja tu, ilitakiwa aulize mara mbili. Nikamwambia si kosa lake. Akasema hajasema ni lake, amesema ilitakiwa aulize mara mbili. Tukalehemu koroboi mpaka adhuhuri bila mzaha hata mmoja, na nikitoka niliacha mkasi juu ya reli.

Mtoni sikwenda kwa muda mrefu. Nilijisingizia masomo, mwalimu wangu wa hesabu angeshangaa kusikia. Mwishowe mama akanipa mchele nimpelekee Mwanaidi, na nilipojaribu kumwambia nina homa, akaniwekea mfuko mikononi.

Nilimkuta uani anapepeta. Amenenepa kidogo, anacheka, amenikumbatia. Shabani alikuwa kazini. Tukakaa tukaongea habari za nyumbani, nikaanza kuona pengine yamepita. Halafu jirani akachungulia mlangoni, mtoto mgongoni, akasema kwa wema kabisa, kama mtu anayetaja jina la siku zote:

"Bi Birika, una chumvi?"

"Ipo, ingia uchote," dada yangu akaitika.

Mie nilisimama. Nilitaka kumwambia yule mama jambo, sijui jambo gani. Mwanaidi akanivuta shati, nikakaa.

"Usijisumbue. Kwanza nilikataa kuitika, wakaita kwa nguvu zaidi. Nilipoitika, wakaita taratibu."

"Na Shabani?"

"Yeye ananiita Mwanaidi, tukiwa wawili."

"Na Bi Kiza?"

"Bi Kiza anampa kila mgeni hadithi yote, tena mbele yangu, tena nikitoka na chai."

Alirudi kwenye ungo wake, akapuliza makapi, kisha akaniambia lile jiko la udongo limepasuka upande mmoja, majivu yanamwagika, nikija tena nije na bati nilizungushie.

"Dada, kazi ya bati nimeiacha," nikasema. "Nimestaafu."

Akaniangalia, na nikaona anataka kunicheka, kama zamani, na hakunicheka.

"Wewe umestaafu, Issa," alisema. "Mie ndio kwanza nimeanza kazi."

Ndani ya nyumba Bi Kiza akaita lile jina, kwa ile sauti yake ya kuitia boti. Dada yangu akaweka ungo chini, akajifuta mikono.

"Abee!" akaitika, akaenda.